Charleston Open: udongo wa kijani, siku ya kwenda, na mabingwa waliopita pale

Ukitaka kuwaona wachezaji wakubwa wa tenisi ya wanawake kwa karibu, Charleston, katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, panayashinda mashindano mengi yenye jina kubwa zaidi. Mashindano ya pale, Charleston Open, ni ya wanawake peke yao, ngazi ya WTA 500 (WTA ni chama kinachosimamia tenisi ya wanawake duniani, na namba ni pointi anazopata bingwa). Huchezwa mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, mara tu baada ya mashindano ya Miami, na hufungua msimu wa udongo. Ila sharti uchague siku. Anayekata tiketi ya fainali tu atalipa zaidi na kuona mechi chache. Anayekata ya Jumanne au Jumatano mchana ataona mechi tano au sita, na nyingine ataziangalia akiwa amesimama hatua chache kutoka mstari wa pembeni.

Tuanze na udongo, maana usipouelewa hutaelewa kwa nini fulani alishinda na fulani akatolewa mapema. Charleston huchezwa kwenye udongo wa kijani, na katika ngazi hii ya tenisi ya wanawake hakuna mashindano mengine yanayoutumia. Udongo mwekundu wa Paris au Roma hupata rangi yake kutokana na matofali yaliyosagwa. Huu wa kijani ni mwamba mgumu uliopondwa hadi kuwa chembechembe, kisha ukashindiliwa kwa rola na kumwagiliwa maji. Chembe zake ni ngumu na zina kona, kwa hiyo zinashikana vizuri na uso wake unakuwa mgumu kuliko ule mwekundu. Mpira ukidunda haupandi sana wala haupunguzi mwendo sana. Mchezaji bado anateleza kuufuata mpira kama afanyavyo kwenye udongo wowote, lakini mwenye mpira mzito na wa bapa, usiozunguka sana, naye bado anapata faida. Huko Paris mtu wa aina hiyo huumia.

Hali ya uwanja hubadilika kwa saa. Asubuhi umetoka kumwagiliwa, rangi yake ni ya kijani iliyokolea, na mpira unakwenda taratibu. Kufikia saa nane mchana jua limeshaukausha, rangi imefifia kuelekea kijivu, vumbi linaruka kwenye kila hatua na mpira unaharakisha. Hapo ndipo wachezaji huanza kuteleza pasipo kukusudia, hasa wanapogeuka ghafla nyuma ya mstari wa mwisho. Usiku unyevu unarudi, mpira unanyonya maji na kushika chembe za udongo, unakuwa mzito, na pointi zinarefuka. Mchezaji aliyeshinda kwa raha mchana anaweza kutaabika akipangiwa usiku unaofuata, na wala si kwa sababu kiwango chake kimeshuka.

Waangalie wahudumu wa uwanja seti inapokwisha. Huingia na wavu mpana au brashi ndefu na kuuvuta kwa mizunguko kutoka nje kuelekea ndani, ili udongo uliosukumwa pembeni urudi katikati. Nyuma yao hupita mwenye ufagio mwembamba wa kusafisha mistari. Mistari hiyo si rangi, ni utepe mweupe uliopigiliwa misumari ardhini. Mpira ukigonga utepe huteleza chini kwa namna ambayo mpokeaji hawezi kuitabiri, na ndiyo maana mara nyingine mchezaji mzuri anapiga hewa kabisa kwenye mpira uliokuwa rahisi. Mvua ikinyesha, udongo huu hukauka mapema kuliko ule mwekundu, kwa hiyo usikimbilie kuondoka kiwanjani.

Mashindano yenyewe yana umri mkubwa. Yalianza 1973 Hilton Head, kisiwa cha mapumziko katika jimbo hilohilo, yakiwa na zawadi ya jumla ya dola 100,000, kiasi kikubwa sana kwa mashindano ya wanawake wakati huo. Bingwa wa kwanza alikuwa Rosie Casals. Alimshinda Nancy Richey kwa seti tatu, 3-6, 6-1, 7-5, akaondoka na dola 30,000. Wote wawili walikuwa miongoni mwa wale wanawake tisa ambao 1970 walisaini mkataba wa dola moja ili kuanzisha mashindano yao wenyewe, baada ya kuchoka kulipwa makombo kando ya wanaume. Fainali ile ya 1973 ilikuwa jibu la waziwazi kwa waliosema tenisi ya wanawake haiuziki.

Mwaka 1975 na 1976 yalichezwa Amelia Island, Florida, kisha yakarudi Hilton Head hadi 2000. Tangu 2001 makao yake ni Daniel Island, ndani ya mji wa Charleston. Kwa anayetafuta video za zamani, jina ndilo linalochanganya: hadi 2015 yaliitwa Family Circle Cup, kwa jina la jarida lililoyadhamini, kisha yakawa Volvo Car Open, na sasa ni Credit One Charleston Open. Ni mashindano yaleyale, na orodha ya mabingwa ni moja.

Kwenye orodha hiyo Chris Evert yuko peke yake kileleni: mataji manane, matano kati ya hayo yakiwa mfululizo kuanzia 1974 hadi 1978, kisha 1981, 1984 na 1985. Kipindi hicho ndipo alipocheza mechi 125 za udongo bila kupoteza hata moja, kuanzia 1973 hadi Tracy Austin alipomsimamisha Roma 1979. Austin huyohuyo alichukua taji la Hilton Head 1979 na 1980. Martina Navratilova ana manne (1982, 1983, 1988, 1990) na Steffi Graf manne (1986, 1987, 1989, 1993). Gabriela Sabatini alishinda 1991 na 1992, Conchita Martínez 1994 na 1995, Arantxa Sánchez Vicario 1996, Martina Hingis 1997 na 1999. Serena Williams ana matatu, na lile la 2012 alilichukua kwa kumfunga Lucie Šafářová 6-0, 6-1.

Sasa linganisha orodha hii na ya Roland Garros, yale mashindano makubwa ya udongo mwekundu ya Paris, kwa sababu hapo ndipo penye jambo. Evert alishinda mashindano yote mawili katika mwaka mmoja 1974, 1975 na 1985. Navratilova alifanya hivyo 1982, Graf 1987 na 1993, Mary Pierce 2000, Jennifer Capriati 2001, Justine Henin 2003 na tena 2005, Serena 2013. Kwa miaka mingi bingwa wa udongo wa kijani alikuwa mtu wa kuogopwa Paris. Baada ya 2013 mnyororo huo ukakatika. Andrea Petkovic, Angelique Kerber, Sloane Stephens, Daria Kasatkina, Kiki Bertens, Madison Keys, Veronika Kudermetova, Belinda Bencic, Ons Jabeur, Danielle Collins, Jessica Pegula: hakuna hata mmoja kati yao aliyebeba kombe la Paris katika mwaka aliotamba Charleston.

Sababu kubwa ni ratiba. Hadi 2008 mashindano haya yalikuwa ya daraja la kwanza, Tier I. Mpango mpya wa 2009 uliyashusha daraja. Pointi za orodha ya ubora wa dunia zilipopungua, wachezaji wa Ulaya walipata sababu ya kurudi kwao moja kwa moja kutoka Miami, wapumzike, kisha waanzie Stuttgart kwenye udongo mwekundu. Sababu ya pili ni udongo wenyewe. Aliyezoea mdundo wa Charleston lazima ajifunze upya akifika Madrid au Roma, na wiki za kujifunza si nyingi. Hivyo siku hizi Charleston hupendelea wachezaji wa viwanja vigumu wanaojua kuteleza, kama Keys, Collins na Pegula. Kwa mtazamaji hiyo si hasara. Pointi zina nguvu, na mashambulizi yanalipa kuliko kwenye udongo mwingine wowote.

Ukitaka fainali tatu za kutazama tena, anza na 2003. Serena alifika akiwa hajapoteza mechi hata moja mwaka huo, na Henin akamfunga 6-3, 6-4. Mtazame Henin anavyobadilisha urefu wa mpira: mmoja mrefu wenye mzunguko mwingi, unaofuata mfupi na wa chini, hata Serena hakupata mahali pa kutulia. Ya pili ni ya 2015, Kerber dhidi ya Keys, 6-2, 4-6, 7-5. Keys anaushambulia kila mpira, Kerber anaurudisha akiwa amekaribia kugusa goti chini. Ya tatu ni ya 2025. Pegula alimshinda Sofia Kenin 6-3, 7-5 baada ya kuwa nyuma 1-5 katika seti ya pili. Watu wengi wangeshaanza kuifikiria seti ya tatu. Yeye aliendelea kurudisha mipira ya kina katikati ya uwanja, akimnyima Kenin pembe, gemu baada ya gemu.

Kwa sisi tunaotoka Afrika, jina la kwanza la kutafuta ni Amanda Coetzer wa Afrika Kusini, bingwa wa 1998. Alikuwa mfupi, mita 1.58, na alishinda kwa miguu na subira. La pili ni Ons Jabeur wa Tunisia, na safari yake pale inastahili kuelezwa hatua kwa hatua. Mwaka 2021 alifika nusu fainali akatolewa na Danka Kovinić. Wiki iliyofuata mji uleule uliandaa mashindano madogo ya ziada, Jabeur akafika fainali, akashinda seti ya kwanza, kisha akafungwa na Astra Sharma. Mwaka 2022 alirudi na kufika fainali ya mashindano makubwa, akapoteza kwa Bencic 6-1, 5-7, 6-4. Mwaka 2023 fainali ikawa ileile, Jabeur na Bencic, na safari hii Jabeur akashinda 7-6, 6-4. Ukiitazama mechi hiyo, hesabu mara ngapi anadondosha mpira karibu na wavu. Kwenye udongo wa kijani mpira wa namna hiyo ni hatari mara mbili, kwa kuwa mdundo wake ni wa chini na mpinzani anayekimbia mbele anateleza kabla ya kusimama. Bencic alijua unakuja na bado alichelewa. Mwafrika mwingine aliyewahi kushinda hapa, ukimwacha Coetzer, hayupo.

Kiwanja kikuu kimepewa jina la Billie Jean King, bingwa wa zamani wa Marekani. Kiwanja cha pili kimepewa jina la Althea Gibson, mwanamke mweusi aliyezaliwa Silver, katika jimbo hilihili la South Carolina, mwaka 1927, na akawa Mweusi wa kwanza kushinda Ufaransa (1956) na Wimbledon (1957). Kiwanja cha Gibson ndicho tunachokipendekeza kuliko kile kikuu. Ni kidogo, umbali kati yako na mchezaji ni mfupi, unasikia viatu vikikwaruza udongo na kocha akizungumza na mchezaji wake. Mechi za raundi ya pili zinazowekwa pale huwa kali kuliko zile za uwanja mkuu, ambako wakubwa mara nyingi hukutana na wapinzani waliochoka kutoka raundi za mchujo.

Wiki imepangwa hivi. Jumamosi na Jumapili za mwanzo ni mchujo wa kuingia. Jumatatu raundi ya kwanza inaanza, lakini walio juu kabisa kwenye orodha huvuka raundi hiyo bila kucheza, kwa hiyo usikate tiketi ya Jumatatu kwa ajili ya jina kubwa. Jumanne na Jumatano ndizo siku zilizoshiba: viwanja vingi vinatumika kwa pamoja, wakubwa wameanza, na mechi za wawili wawili zipo. Alhamisi ni hatua ya kumi na sita bora. Ijumaa robo fainali, Jumamosi nusu fainali, Jumapili fainali. Kuanzia Ijumaa karibu kila kitu kimehamia uwanja mkuu na viwanja vya pembeni vimelala. Mvua ikivuruga Jumamosi, mchezaji anaweza kulazimika kucheza nusu fainali na fainali siku moja, kama Bertens mwaka 2018. Alimtoa Keys kwa seti tatu baada ya kuokoa pointi ya kufungwa mechi, kisha akamshinda Julia Görges 6-2, 6-1. Siku ya namna hiyo mwenye tiketi ya Jumapili amepata bahati kubwa.

Kuhusu kiti kwenye uwanja mkuu, usikimbilie cha pembeni katikati kwa sababu tu ndicho ghali. Kiti cha nyuma ya mstari wa mwisho, safu za chini kiasi, kinakuonyesha mzunguko wa mpira na pembe zinavyofunguka, na shingo haichoki. Viwanja vya tenisi vya nje hujengwa vikielekea kaskazini na kusini ili jua lisiwaumize wachezaji machoni. Maana yake upande wa mashariki ndio unaolitazama jua la alasiri. Fungua ramani ya uwanja kabla ya kulipa na utafute upande wa magharibi, ambako kivuli huanza kuingia mapema. Uwanja ulifanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika 2022, na huduma za ndani ziko vizuri kuliko zamani, lakini saa nne za mchana kwenye kiti kisicho na kivuli bado ni adhabu. Kofia yenye ukingo mpana, mafuta ya kukinga jua, na sweta kwenye mfuko, kwa sababu Daniel Island iko kati ya mito ya Cooper na Wando, na jua likizama upepo wa majini unakuwa wa baridi. Mwenye mzio wa chavua abebe dawa zake. Mwezi wa nne misonobari ya huko humwaga unga wa manjano hadi magari yanabadilika rangi.

Usafiri ndio udhaifu wa kwanza. Charleston si New York. Hutashuka treni mlangoni. Unahitaji gari lako au teksi ya kuagiza kwa simu. Kutoka katikati ya mji ni dakika kama ishirini barabara ikiwa wazi, na uwanja wa ndege hauko mbali, lakini wengi mnaokwenda mnaingia kisiwani kwa barabara kuu ileile ya I-526, na jioni watu wa kazini wanarudi nyumbani kwa njia hiyohiyo. Mwenye tiketi ya usiku afike kabla ya saa kumi na moja jioni. Kuagiza teksi dakika ile mechi inapokwisha ni kujitafutia bei ya juu na kusubiri kwingi. Ama utoke mechi moja kabla ya mwisho, ama usubiri nusu saa umati upungue.

Udhaifu wa pili ni chakula. Bei za ndani ni za viwanja vya Marekani, na kwa familia ya watu wanne zinauma. Kula mjini kabla ya kwenda, na usome kanuni za mifuko na chupa za maji kwenye tovuti ya mashindano, maana mlangoni hawabishani na mtu.

Kituo hiki cha tenisi ni mali ya mji, na nje ya wiki ya mashindano watu wa kawaida hulipia na kucheza kwenye udongo uleule. Anayeishi Marekani na anacheza tenisi asiikose nafasi hiyo. Vaa viatu vyenye soli ya mistari ya pembepembe, ile inayoshika udongo na kuuachia. Soli ya viatu vya kukimbia ina meno makubwa yanayochimba uwanja, na hukukamata mguu pale unapotaka kuteleza. Hapo ndipo vifundo huvunjika.

Kuhusu fedha za wachezaji, waandaaji walitangaza 2025 kwamba kuanzia 2026 zawadi ya jumla itapanda hadi dola milioni 2.5, kiasi kinacholingana na mashindano ya wanaume ya ngazi ya 500. Kwa mashindano yaliyozaliwa kwa madai ya malipo ya haki, hatua hiyo ilichelewa, lakini ni kubwa, na huenda ikawarudisha baadhi ya wale wanaokwenda zao Ulaya.

Walio nyumbani watazame saa. Charleston iko nyuma ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa saba katika kipindi hicho cha mwaka. Mechi inayoanza huko saa tano asubuhi utaiona saa kumi na mbili jioni. Kigali, Bujumbura na Goma saa kumi na moja jioni. Muscat saa moja usiku. Mechi ya usiku inayoanza saa moja ya kwao ni saa nane ya usiku Afrika Mashariki, kwa hiyo hizo ni za kutazama marudio kesho yake. Fainali ikiwekwa saa saba mchana, kwetu ni saa mbili ya usiku wa Jumapili.